Kakakuona Akosa Zamu ya Kisimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vibuyu vyao vya maji, kiangazi kilikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja. Wakagawana zamu kwa koo: wenye manyoya asubuhi, wenye mabawa mchana, wenye magamba jioni.

Mama Kakakuona, aliyejaa magamba toka kichwani hadi mkiani, akaenda jioni, mwanawe kampanda mkiani. Mamba akamtazama kwa dharau. "Wewe hutagi mayai. Si wa kwetu."

Asubuhi akarudi. Mlinzi alikuwa Kiboko, na mnajua Kiboko akipewa cheo anavyovimba.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Una magamba, njoo jioni."

"Jioni wamenifukuza. Nisipokunywa leo maziwa yatakauka, na mwanangu atakufa."

"Sheria ni sheria, mama."

Kakakuona aliumia, lakini akameza machozi. "Sawa. Ila sheria yenu imelegea, wadanganyifu watapita. Kila mmoja avutwe manyoya. Asiyevutika asinywe, hata awe nani."

Kiboko hupenda sana ukali. Akatangaza foleni nzima isikie: "Asiyevutika hanywi, hata awe nani!"

"Basi tuanze na wewe, mkubwa wetu, wadogo waone mfano."

Kiboko akatoa ubavu kwa madaha. Kakakuona akapitisha kucha: telee! Akarudia: telee! Hapakuwa na cha kushika.

Tembo, aliyekuwa mbele kwenye foleni, akacheka mpaka masikio yakapiga pwa, pwa.

"Na wewe, babu, sogea," Kakakuona akamwambia. Kwaruu, kwaruu. Vinywele viwili vitatu tu, navyo vikaponyoka.

Basi wakubwa hao wakawekwa kando, wakasimama juani na vibuyu vikavu. Jua lilipowakolea, Kiboko akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ukoo wetu hauna alama nyingine?"

Kabla hajajibiwa, mtoto akateremka mkiani, akatafuta titi. Nyo, nyo, nyo.

"Ndiyo hiyo," akasema Kakakuona. "Wewe hukunyonya?"

"Nilinyonya," akajibu Kiboko, macho chini.

"Na wewe, babu?"

"Tena sana," akasema Tembo.

"Basi mimi na mwanangu ni wa zamu hii."

Kiboko akampisha. Kakakuona akanywa taratibu mpaka akatosheka, na wakubwa wakangoja nyuma yake.

Kwa hiyo, wanangu, mkitaka kujua kiumbe ni wa ukoo gani, msiishie kwenye ngozi yake.