Kodi ya Baiskeli

Palikuwa na nchi ambayo Rais aliweza kumteua Waziri Mkuu asubuhi na kumtumbua jioni. Kodi ya baiskeli aliyoibuni mwenyewe ilipowachefua wananchi, Rais Kabwere alimwita Waziri Mkuu wake, Bi Tunu Msangule.

"Kesho mkutanoni utasema kodi uliiweka wewe. Nitakufukuza palepale, watu wanishangilie."

"Sawa, Mzee," Tunu akajibu.

Kesho yake akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, kodi ya baiskeli niliiweka mimi, peke yangu!"

Watu wakazomea. Rais akainuka, anatabasamu.

"Na mimi huyohuyo," Tunu akaendelea, "leo nimeifuta!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Rais, naye akipiga makofi apende asipende, akamnong'oneza, "Nani kakupa mamlaka hayo?"

"Wewe, Mzee. Jana."