Mguu wa Sikudhani na Msumeno wa Fisi

Haya, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Na miguu?
— Tumeikalia!
Ikalieni vizuri, maana hadithi ya leo ni ya mguu.

Hapo kale wanyama walikuwa na hospitali yao, na mganga mkuu alikuwa Fisi. Koti jeupe analo, miwani anayo, na njaa anayo. Kwa Fisi kila ugonjwa ulikuwa ugonjwa wa mfupa. Swala alikuja na kikohozi. "Mfupa!" akasema Fisi. Ngiri alikuja na jino. "Mfupa!" Kanga alikuja kumtazama mgonjwa tu, naye akaambiwa, "Mfupa!" Basi msumeno ukalia kwaruu, kwaruu, mguu ukapelekwa nyuma ya pazia, na huko nyuma ya pazia ikasikika kachu, kachu, kachu. Wagonjwa walitoka wakirukaruka na kusema ahsante. Nesi Korongo alisimama kwa mguu mmoja kutwa nzima. Wa pili aliuficha kwenye manyoya, Fisi asiuone.

Siku moja mtoto wa Mama Pimbi aliteleza mwambani akicheza, akaangukia kichakani, pu! Alipoinuka, mguu wa nyuma haukanyagi. Pimbi mnamjua, kamnyama kadogo, hata mkia hana. Mtoto alikuwa mmoja tu, aliyempata baada ya kukata tamaa, ndiyo maana akamwita Sikudhani. Akambeba mgongoni, tuku tuku tuku, mpaka hospitali.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba, Mama Sikudhani. Mlete hapa."

Fisi akalishika paja la mtoto. Akalibonyeza, akalinusa, akalinusa tena. Chini ya goti hakutazama, maana chini ya goti hakuna nyama.

"Mfupa umeoza," akasema, akimeza mate. "Tunakata."

"Baba, asubuhi hii alikuwa anaruka mawe. Umeoza saa ngapi?"

"Wewe umesomea?"

"Sikusomea, baba."

"Basi. Nesi, lete msumeno!"

Sikudhani akamng'ang'ania mama yake shingoni. "Mama, twende nyumbani." Mama angekwenda, ila mlangoni alisimama Kifaru, mlinzi, na mgonjwa hatoki bila ruhusa ya mganga. Mama Pimbi akajikaza. Ndani analia, nje anatabasamu.

"Kata tu, baba. Ila kule kwetu kuna watoto wa majirani, wanacheza mwamba huohuo. Nifundishe dalili, niwalete na wao."

Watoto wa majirani! Mate yakamtoka Fisi chururu. Akawaita wagonjwa wote wasikilize.

"Dalili ya kwanza, nyuma kunashuka. Dalili ya pili, anatembea akichechemea. Dalili ya tatu, usiku analia, uuu-wip!"

"Sisi wengine vichwa vyetu vizito, baba. Hebu tuchoree ukutani."

Fisi akavimba kwa sifa. Akaufuata mkaa pale kwenye kona, tiko-tiko, tiko-tiko, mabega juu, nyuma chini, kama anavyotembea siku zote.

Mama Pimbi akapiga ukunga. "Uwii! Mganga wetu! Nyuma kumeshuka!"

"Na anachechemea!" akasema Swala.

"Na usiku analia, mimi namsikia kila siku!" akasema Ngiri.

Wanyama walimhurumia kweli. Ametusaidia wote, wakasema, leo tumsaidie na yeye. Kifaru akaacha mlango, akamlaza chini, akamkalia. Korongo akaja na msumeno.

"Sitaki!" akalia Fisi.

"Hata sisi hatukutaka," akasema Swala kwa upole, amesimama kwa miguu mitatu. "Utazoea."

Kwaruu... Meno ya msumeno yakagusa manyoya.

"Ngojeni! Mguu wa mtu haukatwi hivihivi! Tazameni kwanza chini! Geuzeni unyayo! Pengine ni mwiba tu!"

Msumeno ukasimama.

"Ahsante, baba," akasema Mama Pimbi. "Neno hilo ndilo nililokuwa nalingoja."

Akaugeuza unyayo wa Sikudhani. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama katikati, umebaki ncha tu. Korongo akatupa msumeno, akainama, akauvuta kwa mdomo wake mrefu, chwapu! Sikudhani akalia, akanyamaza, akakanyaga. Akakanyaga tena. Akaanza kuruka.

Mama Pimbi alilia kwa furaha mbele za watu wala hakuona haya. Akamshukuru Kifaru kwa uzito wake. Akamshukuru Korongo, akamkumbatia, na Korongo akaushusha mguu wa pili, akasimama kwa yote miwili. Kisha Mama Pimbi akamgeukia Fisi, akamshukuru kwa moyo mweupe kabisa. "Mungu akuzidishie, baba. Umeniponyea mwanangu."

Fisi hakungoja kuzidishiwa. Kifaru alipoinuka tu, mbio! Koti likabaki kwenye msumari. Mpaka leo anakaa porini, na ukimtazama miguu ya nyuma, anakimbia.

Fundisho, wanangu: mganga mkuu haulizwi maswali, maana anajua kila kitu. Hata Fisi aliujua ugonjwa, akautaja bila kukosea, mara tu mguu ulipokuwa wake.

Haya, inukeni. Miguu ipo?
— Ipo!
Yote?
— Yote!
Basi semeni ahsante, mwende nayo mkalale.