Siku ya Pili Isiyokwisha

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na nini?
—Palikuwa na chungu!
Chungu cha nani?
—Cha mgeni!
Kaonja nani?
—Mwenye tumbo!

Haya, sogeeni. Wewe kule nyuma acha kusinzia, ngano haimsubiri mtu.

Hapo kale kijiji cha Miambani kilikuwa na desturi moja tu kuhusu wageni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili anakula na kupumzika. Ya tatu anapewa jembe na kipande cha shamba, basi, amekuwa mwenyeji. Bila jembe hilo mgeni hagusi udongo.

Mwaka huo mafuriko yaliingia mashimoni mwa akina Fuko huko bondeni. Wakakimbia na watoto mgongoni, wakafika Miambani wamelowa chapachapa. Bibi Fuko, mkubwa wao, hakuokoa kitu ila kibuyu cha mbegu za njugumawe.

Mkuu wa mapokezi alikuwa Kiboko. Huyo alipanda kutoka mtoni zamani, tumbo limemtangulia, akajiita mwenyeji wa wenyeji. Kila asubuhi wanakijiji walileta chungu cha uji kwenye kibanda cha wageni, na kila asubuhi Kiboko alisema, "Leteni nionje kwanza, usije ukawadhuru." Gubu! Gubu! Gubu! Kikibaki cha kulamba, ndicho cha wageni.

Kisha anamgeukia Bibi Fuko. "Jina lako nani? Ulikimbia nini?"

"Jana nilikueleza, mzee."

"Eleza tena."

Bibi Fuko anaeleza maji yalivyoingia, analia upya. Akimaliza anauliza, "Leo siku ya ngapi, mzee?"

"Leo siku ya pili."

Kesho yake, gubu, gubu, gubu. "Jina lako nani? Ulikimbia nini?" Machozi. "Leo siku ya ngapi, mzee?"

"Leo siku ya pili."

Wiki ikapita, mwezi ukaandama, na bado ni siku ya pili! Kiboko si mjinga, jamani. Ikifika ya tatu, vyungu vitakoma.

Sasa aliyekuwa akiwapelekea wageni maji alikuwa Pimbi. Mdogo, mkia hana, lakini kichwa, we acha tu! Siku moja alitua mtungi, akakaa chini karibu na Bibi Fuko. Hakumwuliza habari za mafuriko. Alimwuliza, "Bibi, huko kwenu mlikuwa mkifanya nini?"

Bibi Fuko akamtazama. Tangu afike, hakuna aliyemwuliza hilo.

"Kulima, mwanangu. Kwa kulima hakuna anayetushinda. Tazama kucha zinavyoniwasha kwa kukaa bure." Akafungua kibuyu. "Na mbegu zenyewe zimeanza kuliwa na wadudu. Mvua hii ikipita sijazipanda, nimebaki mikono mitupu, mimi na hawa watoto."

Moyo ukamuuma Pimbi. Akatazama mawingu, akatazama kibuyu. "Nipe njugu tatu tu, bibi."

Bibi Fuko alisita, maana tatu ni nyingi kwa mwenye kibuyu kimoja. Lakini akampa.

Asubuhi wanakijiji walipokusanyika na chungu chao, wakamkuta Pimbi amekaa mbele ya Kiboko, anatafuna njugu za kukaanga. Kacha! Kacha!

Pua za Kiboko zikatanuka. "Unakula nini wewe?"

"Njugumawe, mzee. Akina Fuko wana karamu yake. Lakini, aa, tuyaache. Haikuhusu."

"Hainihusu vipi?"

"Ni karamu ya siku ya tatu, na wewe unasema leo ni ya pili."

Kiboko akameza mate, gudu! "Nani kasema ya pili? Leo siku ya tatu!"

"Hata hivyo ni ya wageni watupu, mzee. Wewe ni mwenyeji wa wenyeji."

"Mwenyeji nani? Mimi wa majini! Huku nchi kavu mimi ni mgeni, tena mgeni wa zamani kuliko wote! Enyi watu, hamjui?"

"Tunajua!" wakaitika.

Kacha! Pimbi akamaliza njugu ya tatu, akasimama. "Mmesikia wenyewe. Leo siku ya tatu, na wageni wetu ni akina Fuko pamoja na mzee Kiboko. Leteni majembe!"

Majembe yakaletwa mbiombio. Wadogo wakapewa madogo. Kiboko akapewa kubwa kuliko yote, na mpini mpya. Angekataaje? Maneno yametoka kinywani mwake mwenyewe, na kinywa chenyewe mnakijua kilivyo kipana.

Akina Fuko wakaingia shambani, chakachakachaka! Kiboko naye, dii! Anahema. Dii! Anahema. Bibi Fuko akafuata nyuma akidondosha mbegu, machozi yakimtoka, na mara hii hakuna aliyemwambia aeleze.

Adhuhuri Kiboko akafuta jasho. "Pimbi! Karamu iko wapi?"

"Unaikanyaga, mzee. Pita polepole."

Jioni mvua ikashuka. Njugu zikaota, zikakomaa, kijiji kizima kikala. Hata Kiboko alikula, akakiri kwamba chakula cha jasho hakihitaji chumvi.

Basi siku moja wakatokea swala, wamekimbia moto wa nyikani, manyoya yananuka moshi. Aliyewapokea nani? Bibi Fuko! Akawawekea chungu kizima, hakikuonjwa na mtu. Wakala wakashiba. Kisha akakaa chini nao, akauliza, "Huko kwenu mlikuwa mkifanya nini?"

Pimbi alikuwa mlangoni na mtungi wake. Alicheka kwa furaha mpaka maji yakamwagika.

Ngano yangu inaishia hapo shambani. Ikiwakolea, gawaneni, ikipwaya, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo? Tegeni masikio, nyinyi mnaopokea wageni. Msimwulize mgeni anachokijua. Mwulizeni alivyolia, kila siku, mpaka azoee kulia vizuri. Na jembe msimpe kamwe! Mkimpa atalima, atashiba, atawashibisha na nyinyi, halafu mtamhurumia nani?