Fundo la Kumi na Tatu

Mmeniuliza kwa nini kamba ya fundi ya kupimia pembe ina mafundo kumi na matatu wakati nafasi zake ni kumi na mbili. Kaeni.

Hapo kale, rula haijabuniwa, mji wa Kirindi ulikuwa na kiwiko kimoja rasmi. Kilikuwa cha Mzee Mbwego, Mkuu wa Pembe. Nyumba ikijengwa, alikuja, akakunja mkono, akauegemeza kwenye pembe ya ukuta. Ukilingana, nyumba imepita. Usipolingana, ilibomolewa Ijumaa. Alipima pembe moja tu. Tatu zilizobaki zilijitegemea.

Mzee Mbwego alizeeka, na kiwiko chake kikaacha kukunjika vizuri. Pembe zikapanuka mwaka hadi mwaka, wala hakuna aliyesema, maana sheria haikutaja uzee. Majamvi yakakataa kuenea vyumbani. Watu wakayakunja ncha moja, na baadaye kukunja ncha kukahesabiwa kuwa adabu.

Mjane mmoja msukaji wa majamvi, jina lake Nasikia, alijenga chumba cha kulala na wanawe wanne, akafuata jamvi lake. Mkuu akaweka kiwiko, akatikisa kichwa.

"Pembe imebana. Ijumaa."

"Mzee wangu, jamvi linaenea."

"Jamvi halina cheo, binti yangu."

Lakini Nasikia alijua jambo moja: jamvi la hatua tatu kwa nne, ukilipima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, ni hatua tano, halizidi wala halipungui. Tatu, nne na tano ni kumi na mbili. Akafunga mafundo kumi na mawili kwenye kamba, yenye nafasi sawa, na Jumatano akaitandaza mbele ya watu, akaivuta iwe pembetatu, akakutanisha ncha. Pembe ikabana kweli. Mkuu akacheka mpaka kiwiko kikamuuma.

"Umefunga mangapi, shoga?" jirani yake Mwanahamisi akauliza.

"Kumi na mawili."

"Hayo mafundo. Nafasi je?"

Nasikia akahesabu. Kumi na moja. "Ala. Nimehesabu nguzo za zizi, nikasahau kuwa ng'ombe wanapita katikati."

Akarefusha kamba, akafunga la kumi na tatu, akalilaza juu ya la kwanza. Kamba ikakaa katika pembe zote nne za chumba chake, bila kulegea.

"Hilo la mwisho ni la ziada," Mkuu akasema. "Halina nafasi yake."

"Halina, mzee. Bila hilo, nafasi ya kumi na mbili haina pa kuishia."

Wazee wa mji wakaibeba kamba hadi ofisi ya Mkuu wa Pembe, wakaipima. Pembe ya kwanza ilikuwa wazi mno, ya pili imebana. Wakatoka nje kushauriana. Kamba ikiwa sahihi, mji mzima ulikuwa na makosa, na wa kwanza kubomolewa ulikuwa ukuta waliouegemea. Basi wakaamua kwamba nyumba za zamani zimesamehewa, ya Nasikia imepita, na kiwiko kinastaafu kwa heshima zote.

Na tangu siku hiyo fundi hufunga mafundo kumi na matatu. Shuleni, mwalimu mwenye busara halitaji hilo la mwisho. Huwaacha watoto wafunge kumi na mawili, wavute, waone pembe inavyokataa. Kisha hungoja, mpaka mmoja wao aanze kuhesabu nafasi.