Bi Kindi, Bwana Ngiri na Pipa la Maganda

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Imekuja na nani?
— Na uongo wake mkononi!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole.

Alikuwako Bi Kindi, mjane, na binti yake Mwanamize alikuwa anaolewa. Sasa huyu Bi Kindi alikuwa na mdomo, mimi sisemi zaidi. Alisimama mbele ya wakwe akasema, "Vikuba vyote vya arusi, kila kishada cha maua, nitavifunga kwa mawaridi ya uani kwangu. Hakuna la kununua!"

Mama mkwe akaguna. "Haya. Yasipokuwapo mawaridi, na bwana arusi hayupo."

Bi Kindi akarudi uani. Lo! Majani yamepauka, tumba hata moja hakuna. Moyo wake: du, du, du.

Alijua mawaridi yanataka nini. Yanataka maganda ya ndizi, yakatwekatwe, yachanganywe na magugu mabichi, yavundikwe kwenye pipa la maji, kisha maji yake yamwagiwe shinani. Lakini maganda atayapata wapi? Migomba yote Bwana Ngiri kaikalia kwa ubavu, na ndizi anaimeza na ganda lake. Kwacha, kwacha, gubi!

Bi Kindi akajifunga leso kiunoni, huyo. Akamkuta Ngiri kapiga magoti, anakula.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sina ndizi ya kumpa mtu."

"Sikuja kuomba, baba. Nimekuja na uchungu. Huko kisimani wanakusema."

Ngiri akaacha kutafuna. "Wananisemaje?"

"Ati bwana mkubwa gani anakula maganda? Wakubwa humenya! Nikawaambia nyamazeni, lakini wapi!"

"Nani kasema? Yule msemaji Chiriku?"

"Mimi simtaji mtu."

Na Bi Chiriku, masikini, siku hiyo hata kisimani hakwenda.

Toka hapo Ngiri akawa anamenya. Fyuu, ganda huku! Fyuu, ganda kule! Bi Kindi nyuma yake anaokota. "Nakufagilia tu, bwana mkubwa." Akakata, akavundika, akakoroga. Pipa likatoa povu, likatoa harufu, majirani wakafunga madirisha. Akamwagia mashina kila siku. Mawaridi yakanywa, yakanywa, mpaka matumba yakatoka, tena mekundu!

Mnadhani alilala usingizi? Wapi! Harufu nzuri ikamfikia Ngiri. Kesho ndiyo arusi, mchele umeshachambuliwa, mara njiani: gudu, gudu, gudu.

"Bi Kindi! Nasikia una chakula chekundu."

Moyo: du, du, du. "Si chakula, bwana mkubwa. Ni maua ya mwanangu."

"Kikiingia hapa ni chakula," akasema Ngiri, akajigonga mdomo. Akapiga magoti mbele ya shina la kwanza, akapanua kinywa.

Bi Kindi akalirukia pipa, akalikumbatia. "Kula hayo! Kula yote! Lakini hili pipa nakuomba usiliguse!"

Ngiri akafunga kinywa. "Lina nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona unalia?"

"Silii, nimeingiwa na mdudu jichoni."

"Ndicho kilichonenepesha mawaridi, siyo?"

"Usinilazimishe kusema, baba. Hicho ni kitamu, nitabaki na nini?"

Ngiri akamsukuma kando, akatumbukiza kichwa. Gubu, gubu, gubu! Mpaka tope la chini akalilamba.

Bi Kindi hapumui. Anaangalia tumbo la Ngiri, anaangalia matumba. Je, lisipomuuma? Du, du, du.

Tumbo likasema: ngurrr.

"Bi Kindi," akasema Ngiri taratibu, "humu umeweka nini?"

"Maganda yako, bwana mkubwa. Yote."

Mkia juu, mbio! Puruu! Puruu! Njia nzima mpaka mwituni.

Asubuhi mawaridi yakafunguka, vikuba vikafungwa, bwana arusi akaja, mama mkwe akanusa, akajichukulia viwili. Na ile njia aliyokimbilia Ngiri ikanawiri kuliko bustani. Bi Kindi akachomeka humo vijiti vya mawaridi, huku na huku. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akinusa waridi, anasimamisha mkia na kukimbia.

Hadithi yangu imetoka mlango wa nyuma, aliyeiona asiirudishe. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: umbea haufai hata kidogo.

Haya, sogeeni niwaambie Bi Chiriku alivaa nini siku ile ya arusi.