Pembe ya Ndiva

Hapo zamani, na wewe unayepiga miayo huko nyuma usogee, maana mwishoni nitakuuliza, kulikuwa na kijiji cha mteremkoni kilichoishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimba, lenye ukuta wa mawe na udongo, linalokusanya maji ya kijito ili yagawiwe mashambani. Nyumba zote zilikuwa chini ya ukuta huo. Mshika pembe alikuwa Nakunda, mama mtu mzima. Pembe ikilia, kila mtu huacha alichoshika na kupanda juu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Hakuna kuuliza.

Masika moja mvua ilinyesha mpaka watu wakachoka kuisema. Nakunda akaenda kukagua ukuta, akakuta tope jekundu linachuruzika chini ya mawe. Nyumba ya kwanza chini ya ukuta ilikuwa ya binti yake Namsifu, na Namsifu alikuwa amejifungua juzijuzi tu.

Akaja Kirumbe, bwana mmoja aliyejua habari zote za kale za kijiji. Akianza kuzieleza matangani, watu husinzia. Safari hii hakuna aliyesinzia.

“Mama, zama za babu zetu lilitoka tope hilihili, na ukuta ukavunjika. Nyumba za chini zote zilizolewa na maji. Fungua maji, uwatoe watu.”

Akaja Naetwe, muuza vyungu, aliyeingia kila nyumba na kujua kila mtu anavyonuna na anavyocheka.

“Mama, watu hawa nawajua mimi. Ukiwaambia ukuta unavunjika, wanaume watakaa wabishane, wanawake watarudi ndani kuokoa mahindi. Usiwaambie. Puliza pembe, useme kuna msaragambo, na juu kuna mbuzi na pombe ya miwa. Watakuja hata waliolala na homa.”

Akaja Mbwambo, mtu asiyeweza kula cha leo bila kukiwazia cha kesho.

“Mama, mimi naogopa kiangazi. Ukimwaga maji yote, tutapona mafuriko tufe njaa. Mwaga nusu. Na hukohuko bondeni yanakopita, tupande viazi vitamu leo hii.”

Nakunda akawasikiliza wote watatu. Akapuliza pembe. Watu wakapanda mbio kwa harufu ya nyama, na Namsifu akabebwa mvuani juu ya kitanda, kichanga kifuani. Maji yakamwagwa nusu. Viazi vikapandwa. Kisha wote wakakaa kuutazama ukuta.

Ukuta ukasimama. Tope likakauka, mvua ikakatika, na ukuta umesimama vilevile, hauna hata ufa.

Basi watu walivyo! Mbuzi wakamla, shukrani hawakutoa. Kiangazi kilipoingia, kilikuwa kikali. Nusu ya maji iliyobaki ikaisha mapema, mahindi yakaungua mashambani, na watoto wakala viazi mpaka wakawa wanalia wakiviona. Kila jiko likawa na neno lake: “Tulihongwa mbuzi, wakatumwagia maji yetu!” Namsifu akakosa chakula cha kutosha, maziwa yakamkauka, mtoto akakonda akabaki macho tu. Nakunda alipita mbele ya nyumba ile ameinamisha uso. Hakujua kama alikuwa amemwokoa mjukuu wake au amemtesa bure, na hapakuwa na wa kumwambia. Hofu hiyo ilimkaa kifuani.

Mtoto akapona kwa taabu. Masika yakarudi, ndiva ikajaa. Lakini Nakunda alipojaribu pembe, ikatoa pumzi tu; kifua kilikuwa kimechoka. Desturi ya kijiji ni kwamba mshika pembe akichoka, pembe hupewa aliyeiokoa ndiva, na neno lake ndilo hufuatwa. Watatu wakapanda ukutani kuidai.

“Ni yangu,” akasema Kirumbe. “Nisingekumbuka ya zamani, nani angelijali tope?”

“Mwanangu Kirumbe,” akauliza Nakunda, “hakuna masika mengine tope lilitoka na ukuta ukasimama?”

Kirumbe akakuna kichwa. “Huenda yapo, mama. Lakini nani angenisimulia? Watu husimulia ukuta ulioanguka.”

“Ni yangu,” akasema Naetwe. “Kukumbuka hakukumtoa mtu ndani. Niliyewatoa ni mimi.”

“Na leo wakisikia habari ya mbuzi, watakuja?”

Naetwe akatazama chini. “Leo wanajua kwamba nawajua, mama. Wamebadilika kwa sababu yangu. Itabidi nianze upya.”

“Ni yangu,” akasema Mbwambo. “Hawa walitazama ukuta, mimi nikatazama matumbo. Bila viazi vile tungezikana.”

“Na ukuta ulisimama kwa sababu ya nusu uliyoimwaga, au ungesimama tu?”

“Mama, jambo tulilolizuia nitakuonyeshaje? Hilo sitalijua mpaka nife.”

Wakiwa papo hapo, Namsifu akapanda akihema, matope hadi magotini.

“Mama, tope jekundu limetoka tena, nyuma ya jiko langu. Nimekuja kukuambia msipulize. Mwaka jana mlinitoa na mtoto mvuani, ukuta ukasimama, maziwa yakanikauka. Safari hii sitoki.”

“Namsifu, mwanangu, nakusihi...”

“Sitoki, mama. Nimeacha chungu motoni.”

Akateremka. Mvua ikaongezeka.

“Nipe, nipulize sasa hivi!” akasema Kirumbe.

“Nipe, lakini kwanza nishuke nikaongee nao,” akasema Naetwe. “Ukiipuliza sasa hawatakuja, na pembe isiyofuatwa imekufa.”

“Nipe, nimwage kidogo, tutazame mpaka jioni,” akasema Mbwambo. “Njaa nyingine mtoto yule haiwezi.”

Pembe moja, mikono mitatu imenyooshwa. Nakunda akatazama chini, akaona moshi wa jiko la binti yake unapanda taratibu katikati ya mvua. Namsifu anapika.

Haya, nyie mlionisikiliza, nanyi pia mliokuwa mkisinzia. Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Je, nani alistahili pembe? Semeni upesi, mtoto yumo ndani.