Baragumu la Mzee Elinazi

Kaeni, na anayependa kuamua mapema ajizuie mpaka mwisho. Nitawatajia watu watatu kwa majina yao kamili, kwa kuwa uamuzi wenu utawahusu hao na si wengine.

Wa kwanza ni Nakiete Mchome, wa kijiji cha Vuasha katika milima ya Upare. Kipawa chake ni nyimbo. Wimbo wa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, akiusikia mara moja haumtoki, hata zile beti ambazo wenzake huziruka kwa sababu hawajui tena zinasema nini.

Wa pili ni Hatibu Kiondo, aliyekuwa karani wa wapima ardhi. Kipawa chake ni ramani. Alipostaafu alitembea mlimani miaka kumi na miwili na kamba na daftari, akichora kila ndiva, yaani kila bwawa la udongo ambalo wazee walilichimba ili kukusanya maji ya mashamba. Alichora zilizo hai na zilizokufa.

Wa tatu ni Namkunda Mrutu, fundi cherehani. Anakaa Same mjini, lakini kwao ni Vuasha. Kipawa chake ni koo za watu. Mtajie jina moja, atakupa baba, babu, mkwe, na jina la utani alilokuwa nalo babu.

Kila Julai, mahindi yakishavunwa na shule zikifungwa, Vuasha wana Siku za Ndiva. Siku ya kwanza husafisha ndiva. Siku ya pili ni nyimbo, na vitu vya zamani hupangwa kwenye meza darasani ili watoto wavione. Siku ya tatu kila ukoo hubeba vyungu vyake, na watu wote hula pamoja kando ya maji.

Kazi huitwa kwa baragumu la pembe ya tandala. Mwenye kulitunza alikuwa Mzee Elinazi Mfinanga, umri miaka themanini na minane. (Kadi ya maonyesho iliandikwa Elinaza. Ni kosa.) Desturi ni kwamba baragumu hutoka mkononi mwa mtunzaji likaingia mkononi mwa mtu mmoja tu, naye mtunzaji humchagua angali hai. Mzee Elinazi alikuwa hajachagua. Siku hizo asubuhi akili yake ilikuwa timamu, lakini jua likishapita utosini miaka ilimchanganyikia. Aliishi na bintiye Namsifu, mtoto pekee aliyembakia.

Mwaka ninaousimulia, siku ya pili, saa nane mchana, Mwalimu Kaangwa Senkoro, katibu wa kamati, aliazima baragumu kwa Namsifu ili afungue maonyesho. Akalipiga mara tatu. Wageni wakapiga makofi.

Namsifu alikuwa amekwenda kumpakulia baba yake makande. Aliporudi na bakuli akakuta kiti kitupu. Koti la mzee lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa vizuri.

"Labda amekwenda msalani," Mwalimu Kaangwa akasema.

"Na jembe?" akauliza mama mmoja. Mezani palikuwa na kadi, lakini jembe la zamani lililokuwa juu yake halikuwapo.

Namsifu akaweka bakuli chini. Juu ya kijiji ni makorongo, na saa kumi ukungu hushuka. Mzee alikuwa amevaa shati tu. Vijana wakakimbilia barabarani, wengine sokoni. Hakuna aliyemwona.

Hapo Nakiete Mchome akamshika mkono katibu. "Mwalimu, ulipiga mara ngapi?"

"Tatu."

"Nani alikuambia tatu?"

"Hakuna. Nilidhani inapendeza."

"Imependeza kweli," Nakiete akasema. Kisha akaimba kwa sauti ya chini ubeti ambao kundi lake halikuuimba hata siku moja:

*Moja la asubuhi, shika jembe,*
*Mawili, fungua maji,*
*Matatu ya mchana, acha chungu motoni,*
*Mwarire inabomoka.*

"Mzee hakupotea," akamwambia Namsifu. "Ameitwa kazini. Yuko Mwarire."

Lakini Mwarire ni wapi? Katika ndiva walizozijua wanakamati hapakuwa na jina hilo.

Hatibu Kiondo alikuwa amekwishakwenda ukutani kuibandua ramani yake. Akaweka kidole. "Ilibomoka mwaka 1953, haikujengwa tena. Sasa ni msitu wa miti ya miwati."

"Basi tupite kwa juu, njia ya makaburini," kijana mmoja akasema.

"Ukipita huko utakuta korongo, utarudi, na ukungu utakuwa umefika kabla yako. Tufuate mfereji wa zamani. Unapita nyuma ya josho, kisha kushoto. Nusu saa."

Wakafuata kidole cha Hatibu, na mfereji ulikuwapo, umefunikwa na majani. Baada ya nusu saa walisikia jembe.

Mzee Elinazi alikuwa ndani ya shimo la ndiva, chini kabisa, mahali ambapo kipande cha ukingo wa zamani bado kilisimama, kirefu kupita watu wawili, kimelika upande wa chini. Yeye alikuwa akichimba udongo hapo hapo chini ili azibe ufa. Kila alipopiga jembe, vumbi lilimmwagikia mabegani.

Vijana wawili wakataka kuingia. Hatibu akawazuia. "Mkikanyaga pale watu watatu, utawaangukia wote."

"Baba," Namsifu akaita. "Baba, toka twende."

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia. "Mama, ondoka ukingoni. Sitoki mpaka msimamizi aseme."

Namsifu akaita tena, mzee akaendelea kuchimba.

Ndipo Namkunda Mrutu akaja mbele. Alivua viatu, kama ilivyokuwa desturi ya kuingia ndiva, akasimama mahali pa mlango wa maji. "Elinazi wa Kirumbi," akasema, "natoka nyumbani kwa msimamizi, Mbazi Mrutu."

Jembe likasimama. "Wewe ni nani kwa Mbazi?"

"Mimi ni wa Ndekirwa, wa Sekiete, wa Mbazi mwenyewe."

"Sekiete yule mwenye pengo?"

"Huyo huyo."

"Mwambie arudishe mundu wangu."

"Nitamwambia. Msimamizi anasema maji yamesimama. Tia jembe begani, chakula kiko tayari."

Mzee akaukagua ufa, akaridhika, akatia jembe begani, akapanda polepole mpaka kwenye mkono wa bintiye. Hawakuwa wamefika hatua arobaini waliposikia ukingo ukishuka nyuma yao.

Namsifu akamvika koti.

"Makande yapo?" mzee akauliza.

"Yapo, baba. Yamepoa."

"Si neno."

Namsifu akacheka huku akilia, na njia nzima hakuuachia mkono ule.

Siku ya tatu asubuhi, vyungu vikiwa motoni kando ya maji, Mzee Elinazi alisimuliwa yote. Kisha akaomba baragumu, akaliweka magotini.

"Jana nilimsahau mwanangu," akasema. "Kesho nitasahau na milio. Nitalitoa leo, na nitampa aliyenirudisha. Ni nani?"

Watatu wakasogea mbele.

"Bila ubeti wangu," Nakiete akasema, "mngekuwa bado mnamtafuta sokoni. Na aliyejua maana ya milio ni nani?"

"Na bila mfereji wangu," Hatibu akasema, "ungekuwa unaimba kule shuleni mpaka sasa. Ubeti haukusema kushoto wala kulia. Mimi milio hiyo nitaiandika, haitapotea tena."

"Mlifika, ndiyo," Namkunda akasema. "Mkasimama mkamtazama. Baragumu kazi yake ni kuita mtu akaitika. Jana waliita wawili. Alimwitikia nani?"

Mwalimu Kaangwa akapendekeza wapokezane mwaka mmoja mmoja.

"Baragumu si upawa, Mwalimu," mzee akasema. "Na wewe umeshapiga ya kutosha."

Watu wakacheka, na katibu naye akacheka. Wengine wakasema libaki kwa Namsifu. Namsifu akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyeliazimisha. Mlio wa mara tatu sikuujua, na ndio uliomchukua baba yangu."

Basi mzee akamwekea baragumu mikononi. "Chagua wewe kwa niaba yangu. Lakini uchague nikiwa bado nakujua jina, ili niseme ndiyo."

Ilikuwa saa tano. Kabla ya adhuhuri Namsifu alikuwa amechagua, na baba yake akasema ndiyo na kumtaja jina, Namsifu, mbele ya watu wote. Hilo nawaambia ili mle kwa amani. Mengine siyasemi.

Ninyi sasa simameni mahali pake. Baragumu liko mikononi mwenu, jua linapanda, mzee anawangoja. Mbele yenu yupo Nakiete Mchome, aliyejua alikokwenda; yupo Hatibu Kiondo, aliyejua njia; yupo Namkunda Mrutu, aliyeitikiwa.

Mtaliweka mkononi mwa nani, na wale wawili mtawaambia nini?